Watu Saba Waliobaki Kwenye Mkanda

Kwa miaka mingi, kila Jumamosi saa tisa alasiri, watu saba walifukiwa na machimbo ya makaa ya mawe pale Majengo, Moshi, nyuma ya duka la fundi cherehani. Kabla ya saa kumi na moja wote saba walikuwa wametoka wakiwa hai. Aliyewatoa alikuwa mtu mmoja mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi, aliyekaa kwenye stuli ya miguu mitatu kando ya televisheni, ameshika kipaza sauti kilichofungwa kwa kipande cha khanga. Tulimwita Mtafsiri. Alikuwa na jina la ubatizo kama Mlutheri yeyote wa mlimani, lakini alilitumia kanisani na hospitali tu, nami nitaliacha huko huko.

Niseme mapema jambo lenyewe ili msomaji asisumbuke. Mkanda wa filamu iliyowafukia haukuwa na mwisho. Dakika zake za mwisho, kama kumi na mbili hivi, zilikuwa zimefutwa na kurekodiwa juu yake sherehe ya kipaimara. Kwa hiyo Mtafsiri, aliyewatoa wale watu shimoni wiki hadi wiki, hakuwahi kujua kama kweli walitoka. Wapo wazee wanaotaka kuiona Yerusalemu kabla hawajafa. Yeye alitaka kuziona hizo dakika kumi na mbili. Nilichelewa sana kulielewa hilo, na kabla sijalielewa nikamdhalilisha gazetini. Nitafika huko, ingawa ningependa nisifike.

Kwa vijana waliozaliwa na sinema mfukoni, inabidi nieleze. Kibanda umiza kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi yasiyo na egemeo, deki moja ya mikanda, televisheni moja na joto la watu sitini. Filamu zilikuja na lugha za kwao, na Mtafsiri ndiye aliyezihamishia Majengo. Alipunguza sauti ya filamu, akaweka yake. Mhusika yeyote aliyepita mdomoni mwake alipewa ukoo, nyumba na matatizo ya hapa hapa. Majambazi wote waliishi Shirimatunda. Sijui Shirimatunda ilimkosea nini. Kila gari lililofukuzwa lilikuwa linakimbilia Sanya Juu, hata pale ambapo sote tuliona bahari kwenye kioo. Mtu akihoji bahari hiyo inatoka wapi, Mtafsiri alijibu kwenye kipaza sauti, bila kugeuka, kwamba mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa.

Adabu alikuwa nayo kupita kiasi. Katika filamu zake hakuna kijana aliyempiga risasi mzee bila kumwamkia. "Shikamoo," alisema jambazi, akilenga. "Marahaba, mwanangu," alisema mzee, akianguka. Matusi yote ya dunia aliyatafsiri kwa namna moja: "Mgomba usiozaa wewe." Mwanamume na mwanamke walipokaribiana mno, aligeuza uso akatuambia kwamba hapo wanapeana pole. Kulikuwa na filamu moja ambayo watu walipeana pole tangu mwanzo hadi mwisho, hata fundi cherehani akauliza kwani msiba ni wa nani.

Alikuwa na msimamo wa kazi, na aliusema mara nyingi kiasi kwamba tuliweza kuukariri naye: "Mimi siongezi neno. Neno likija fupi, namalizia." Ukimwangalia vizuri utaona kwamba nusu ya filamu zilikuja fupi. Lakini ilikuwa kosa kubwa kumwambia kwamba anabuni. Alikuwa besi wa kwaya, na alisema uongo ni uongo hata ukisemwa kwa kipaza sauti. Alifunga kibanda Jumapili nzima. Jumatatu alikifungua kwa filamu ambayo watu walikatana vichwa kuanzia dakika ya tatu.

Sasa filamu ya makaa.

Hakuna aliyeipenda. Aliiweka Jumamosi saa tisa kwa sababu saa kumi na moja ilianza filamu ya karate, na mtu aliyetaka benchi la mbele kwenye karate ilibidi awahi saa tisa. Kwa hiyo tuliomtazamia ile filamu yake tulikuwa walinda mabenchi. Tuliitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa zahanati. Mimi mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na nilikuwa na dharau ya mtu ambaye bado hajafeli kitu chochote kikubwa. Jumamosi nyingi nililala hapo, kichwa kikiwa begani kwa mtu nisiyemjua.

Nimeitazama tena siku hizi nikiwa macho, na naomba niseme ukweli: ni filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisifu kwa pesa. Ni habari ya mji mdogo wenye baridi, zamani sana, enzi za taa za mafuta na kofia ndefu. Kwa saa nzima ya kwanza hakuna kinachotokea. Wanaume wanashuka shimoni na wanapanda. Mmoja anashona buti. Mmoja anakula mkate kwa mkono mmoja kwa kuwa mkono wa pili ni mweusi. Mzee mmoja anamfundisha mgeni kusikiliza nguzo za mbao zinazoshikilia dari. Anamwambia nguzo ikilia usikimbie, sikiliza inalia mara ngapi. Hakuna muziki wa kukuelekeza uogope wapi. Na hakuna anayehutubia. Mtengenezaji wa filamu hiyo aliamini kwamba ukimwona mtu akifanya kazi yake kwa muda wa kutosha, utamjali bila kulazimishwa. Sisi hatukumjali, lakini sisi tulikuwa tunasubiri karate.

Mtafsiri aliipenda tangu siku ya kwanza, na katika filamu hiyo hakufanya mzaha hata kidogo. Sauti yake yenyewe ilibadilika, ikashuka. Ndiyo filamu pekee aliyowahi kuisimamisha ili atueleze. Mara ya kwanza alipoisimamisha ni pale fundi cherehani alipopaza sauti kwamba haelewi. "Mkaa gani huo wa kufia?" aliuliza. "Si wakate miti wachome kama watu?"

Mtafsiri akabonyeza rimoti. Akasema, "Huo Mungu ameshauchoma tayari. Kazi yao ni kuutoa." Kisha akaendelea.

Kulikuwa na farasi mle shimoni, farasi anayevuta vigari vya makaa na ambaye hajapandishwa juu tangu ashushwe. Watu wa Majengo walicheka wakidhani ameongeza chumvi. Akaisimamisha tena. Alituambia tumfikirie ng'ombe wa Kibosho, anayezaliwa bandani katikati ya migomba, analetewa majani kichwani na mama wa nyumba, anakamuliwa, anazeeka, na barabara anaisikia tu ikipigiwa honi. Hapo tulielewa. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba wa kwao yuko hivyo hivyo.

Na lugha ya filamu? Ilikuwa ya nchi moja ya Ulaya ambayo hakuna mtu kati ya Majengo na kilele cha Kibo aliyeijua. Mtafsiri alisema ni Kiingereza cha chini ya ardhi. Kule chini, alisema, kuna vumbi, mtu hawezi kufungua mdomo wote, kwa hiyo maneno yanatoka yamekatika. Nilikuwa na alama nzuri ya Kiingereza kidato cha sita. Niliyakubali maelezo hayo kabisa.

Baada ya saa moja na robo, dari inaanguka na watu saba wanabaki ndani. Wanagonga bomba la chuma ili walioko juu wajue wako hai. Ko, ko, ko. Hapo ndipo kila Jumamosi aliingia mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi mlangoni kwa kibanda. Filamu nzima alikuwa nje na jiko lake, lakini akisikia bomba likigongwa aliingia, koleo mkononi, akasimama nyuma kabisa karibu na pazia. Kijana wake alikuwa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, kama vijana wengi wa miaka ile. Hakuwahi kusema neno. Mtafsiri alimwona akiingia, nasi tulimwona Mtafsiri akimwona, halafu uokoaji ukaanza.

Shimo lilikuwa limebomoka, kwa hiyo waliwavuta kwa ndoo kubwa ya chuma, mmoja mmoja, na kila ndoo ilipofika juu iligongwa kengele. Kengele ya kwanza ilikuwemo kwenye mkanda. Ya pili ilikuwemo. Halafu picha ilitetemeka, mistari ikapita, na hapo Mtafsiri aliinuka na kusimama mbele ya televisheni, mgongo kwenye kioo, akaikata sauti. Mkononi alikuwa na chupa ya soda na kifungulio. Soda hiyo alikuwa ameinywa taratibu tangu saa tisa ili ifike nusu kamili, kwa maelezo yake chupa tupu inalia kama sherehe na iliyojaa hailii kabisa. Akagonga. Ya tatu. Akasema: "Mpisheni. Bado hajazoea jua." Akagonga ya nne, akasema maneno hayo hayo. Ya tano, ya sita. Ya saba aliichelewesha kidogo, makusudi, mpaka hata sisi walinda mabenchi tukaacha kutafuna. Kisha akaigonga. "Mpisheni. Bado hajazoea jua."

Mama wa ndizi alitoka kwenda kwenye jiko lake. Nimuondolee msomaji wasiwasi: kijana wake alirudi salama, na koti la ngozi, bila jiwe hata moja.

Baada ya hapo Mtafsiri alisogea kando ya kioo, na pale kwenye kioo palikuwa na kipaimara. Familia ya Kichagga, turubai la bluu, msichana mwenye gauni jeupe la mabega makubwa, na ndafu, mbuzi aliyebanikwa mzima, amesimamishwa juu ya meza na majani yametiwa mdomoni. Mwanamume mmoja alipita na kreti la soda akaanguka nalo. Mtafsiri hakutetereka. "Miaka mingi imepita," alisema. "Hawa ni wajukuu zao. Walihamia Kilimanjaro, wanalima kahawa. Wamewakumbuka babu zao." Halafu alizima, akaweka karate.

Nije kwenye aibu yangu.

Chupa ya soda niliiona. Kifungulio nilikiona. Hilo ndilo linalouma. Lakini baadaye nilikwenda chuo kikuu, na chuo kikuu kina uwezo wa kuchukua kitu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe na kukurudishia kikiwa nadharia. Mwaka wa pili nilisoma kwamba kuna watengenezaji wa filamu wanaoruka nyakati na mabara kwa mkato mmoja. Nikakumbuka kipaimara. Nikaandika katika mtihani kuhusu filamu moja isiyothaminiwa, ambayo inawaacha wachimba makaa wa Ulaya na kuibukia kwenye karamu ya wakulima wa Afrika, ikatuonyesha kwamba jasho la dunia ni moja. Nilimlinganisha ndafu mwenye majani mdomoni na farasi wa machimboni. Nilipata alama ya juu. Mhadhiri aliandika pembeni, "Uchunguzi makini."

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona. Lakini mwaka juzi gazeti moja la wiki lilinipa ukurasa wa kuandika habari za filamu zilizosahaulika, nami nikaanza na ile ya makaa. Niliisifu kwa aya kumi na nne. Kipaimara kilichukua aya tano. Niliyaeleza mabega ya gauni. Nilimweleza hata yule mtu wa kreti la soda, nikamwita "ishara ya historia inayojikwaa."

Wiki hiyo hiyo nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Sanya Juu. Aliandika hivi: "Ndugu mwandishi, shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Hiyo si ishara ya historia. Huyo ni baba yangu mdogo. Hicho ni kipaimara changu. Naomba mkanda wangu."

Mtu mwenye akili angecheka, akaomba radhi, akalala. Mimi nina shahada mbili. Nilikaa nikaandika masahihisho, na katika masahihisho hayo nilisema kwamba nilipotoshwa ujanani na mbabaishaji mmoja wa Majengo aliyejiita mtafsiri, ambaye hakujua lugha yoyote aliyoitafsiri. Kila neno lilikuwa kweli. Nimeandika mambo mengi ya uongo maishani na hakuna hata moja linalonitoa jasho kama hilo la kweli.

Baada ya siku nne simu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imetulia. Alijitambulisha kuwa ni binti wa Mtafsiri. Alisema baba yake yuko kwake Shirimatunda, macho yamekufa kwa presha ya macho, na yeye ndiye humsomea magazeti. Aliyasoma masahihisho yangu yote kwa sauti kabla hajagundua anayesemwa ni nani. Nilianza kujieleza. Akanikata.

"Kaka, sijapiga kugombana," alisema. "Nina swali moja, si langu, ni la baba. Nilipomaliza kusoma aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Halafu akaniambia nikuulize kama wewe umeuona mwisho wake."

Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeisifu filamu kwa aya kumi na nne, nikaisahihisha kwa aya tatu, na kuitazama sijaitazama tangu nilipokuwa nalala begani kwa watu. Nilimwambia binti anipe wiki mbili.

Ilinichukua siku tano kuipata kwenye mtandao, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini yake. Niliitazama peke yangu mezani, na ndipo nilipojifunza mambo mawili. La kwanza ni lile nililokwisha kulisema, kwamba ni filamu kubwa. La pili ni kwamba Mtafsiri, ambaye hakujua neno hata moja la lugha ile, alikuwa amekosea machache kuliko nilivyotarajia. Mzee wa nguzo kweli anamfundisha mgeni kusikiliza. Wanaume kweli wanaamkiana kabla ya kushuka. Kilichokuwa kifupi alikimalizia kwa kuwatazama watu usoni. Kengele ya pili ilipolia, niliisimamisha. Sikuona haki ya kuendelea bila yeye.

Jumamosi iliyofuata, saa nane na nusu, nilikuwa njiani kwenda Shirimatunda na kompyuta begani, ndipo nikakumbuka kwamba sikubeba jani la isale. Mtu wa mlimani aliyekosa haendi kwa mkubwa wake mikono mitupu. Anakata jani la isale, lile refu la kijani tunalopandia mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, analipeleka, na aliyeletewa hana namna nzuri ya kukataa msamaha. Mimi nyumbani ninayo, safu nzima. Niliyaacha. Kwa bahati nzuri, nje ya nyumba niliyoelekezwa palikuwa na uzio mzuri wa masale. Nikaangalia kushoto na kulia, nikakata moja, nikapiga hodi.

Alikuwa kwenye kiti cha uvivu barazani, shati limepigwa pasi, miwani myeusi. Amekonda zaidi, lakini mgongo haujainama. Kwenye kiti kidogo pembeni yake palikuwa na bilauri ya maziwa ya mgando na kijiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya msomi."

Nilimwekea jani mkononi. Alilipapasa kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha, polepole. Akalinusa. Akalipapasa tena pale nilipolikatia.

"Hili bado linatoa maji," alisema. "Umetoka nalo mbali?"

Nilisema si mbali sana.

"Si mbali kabisa. Umeniomba msamaha kwa jani langu mwenyewe." Binti yake, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani haraka na tukamsikia akicheka jikoni. Mtafsiri aliliweka jani juu ya magoti yake, akalinyoosha. "Basi, limeshafika. Hakuna sheria inayosema litoke wapi. Kaa."

Nilijaribu kumwambia kwamba neno lile, mbabaishaji, sikupaswa kuliandika. Alisema neno lenyewe halikumsumbua, ila nilivyolitumia. "Mbabaishaji ni mtu asiyejua anachofanya," alisema. "Mimi nilijua." Alinywa maziwa kidogo. Kisha aliniambia kitu ambacho, nilipomtazama binti aliyekuwa amerudi na kigoda, niliona naye hakuwahi kukisikia.

Alisema siku zile alikuwa pia anapiga video za sherehe. Alikwenda kupiga kipaimara Sanya Juu, na mikanda yake ikaisha kabla ndafu hajakatwa. Kwenye begi alikuwa na mkanda mmoja wa filamu alioupata kwa rafiki siku hiyo hiyo, hajautazama. Aliupeleka mbele mpaka karibu na mwisho, akaona wanawake wamesimama tu mahali penye ukungu, hawaongei. Akadhani filamu imekwisha. Akarekodi.

"Wiki iliyofuata ndipo nikaitazama kuanzia mwanzo," alisema. "Nikafika kwenye kengele ya pili, nikaona kreti la soda linaanguka. Msomi, wale watu hawakufukiwa na machimbo. Niliwafukia mimi."

Hakulia wala hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayetaja kijiji chake. Nilielewa basi kwa nini aliwatoa kila Jumamosi, miaka yote ile, kwa ajili ya watu wanaolinda mabenchi.

Nikafungua kompyuta.

Alitaka tuanzie kwenye bomba. Ko, ko, ko. Alisogeza kiti mpaka sikio lake likakaribia kuigusa kompyuta. Mimi nilianza kumsomea maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na baada ya sentensi tatu akaniinulia mkono. Aliuliza kama nasoma au natafsiri. Nikaongeza kasi. Akasema sasa nawakimbiza, watu wako shimoni hawaendi popote. Kulikuwa na kijana juu ya shimo aliyemjibu msimamizi kwa ukavu, nikamtafsiri alivyo. "Mpe shikamoo kwanza," alisema Mtafsiri. Nikampa.

Kengele ya kwanza. Kengele ya pili. Hapo mwili wake wote ulikaza, kwa mazoea, na mkono wake wa kulia ukafanya kama unainuka. Lakini picha haikutetemeka. Iliendelea.

Nilinyamaza, kwa sababu hapakuwa na maneno tena.

"Sema," alisema. "Nini?"

"Hawaongei, mzee."

"Nani anatoka?"

Filamu haiwaonyeshi wanaotoka. Kamera imegeuzwa, ikawatazama wanawake waliosimama kwenye uzio wa mbao, katika ukungu, na wanaotoka unawasikia tu kwa kengele. Nilimweleza. Wamebaki watano, nilisema, kila mmoja na mtandio.

"Mama wa ndizi," alisema.

Kengele ya tatu ililia, na mwanamke mmoja akaachia uzio, akaondoka mbio kuelekea kule tusikokuona. Nilimwambia. Ya nne, mwanamke mwingine. Huyu ni mzee, nilisema, anachechemea. Ya tano. Katikati ya kengele na kengele kulikuwa na muda mrefu wa mnyororo ukivutwa, na nikajikuta nami nimeshika ukingo wa kigoda. Ya sita. Binti alikuwa amekaa chini sakafuni, mikono mdomoni.

Akabaki mwanamke mmoja. Mnyororo ulivutwa tena, kwa muda, kisha ukanyamaza. Mwanamke hakusogea. Majina ya waliotengeneza filamu yakaanza kupanda juu ya uso wake.

"Bado mmoja," alisema Mtafsiri.

"Bado mmoja, mzee."

"Ngoja."

Tulingoja. Majina yalipanda. Yeye hakuyaona, alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sauti, na hapakuwa na sauti. Nilijua ni majina ya nini, na nilijua yakiisha filamu nayo imekwisha. Nilikuwa nimeahidi moyoni kwamba safari hii nitasema kilichomo kwenye filamu, neno kwa neno. Nilitazama kile kiti kidogo. Nikachukua kijiko, nikagonga bilauri ya maziwa.

Hakusema kitu mpaka mlio ulipokwisha kabisa.

"Hiyo ni bilauri yangu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ina maziwa, haiwezi kulia." Alimgeukia binti yake na kumwambia alete soda. Ilipoletwa aliinywa taratibu, akipima kwa kidole gumba kwa nje, akaishusha, akanywa tena kidogo. Sisi wawili tulimsubiri. Alipofika nusu aliomba kijiko, akaniamuru nirudishe nyuma pale mwanamke alipobaki peke yake.

Nilirudisha. Mnyororo ulivutwa, ukanyamaza. Aliichelewesha, kama zamani. Kisha akagonga chupa mara moja, akaelekeza uso wake kwenye kioo asichokiona.

"Mpisheni," alisema. "Bado hajazoea jua."